Mtego wa taa, simu, kihisi au spika: ufuatilie mbu kwa kipi?

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kibarazani kwa watu, bonde la Kilombero, Tanzania. Namimina kikombe cha mtego kwenye sahani nyeupe: nondo wanne, kumbikumbi waliopoteza mabawa, mende mdogo mmoja, na mbu. Natoa kibanio naanza kutenga. Kuleksi huku, Anofelesi, jamii ya mbu wa malaria, huku, waliovimba damu pembeni. Sisimizi wawili wameshatangulia, wanabeba bawa. Nyumba ni kumi kwa siku, na kila nyumba ina sahani yake.

Hiyo ndiyo kazi ambayo simu zinazosikiliza na vihisi vinavyohesabu vinaahidi kutupunguzia. Kila mwezi napata mtu anayeniuliza achague kipi: mwanafunzi anayeandaa utafiti, bwana afya aliyepewa bajeti ya ghafla, meneja wa hoteli aliyechoka na malalamiko ya wageni. Huwa najibu kwa kuuliza maswali, na nitaanza nayo hapa kabla ya kugusa kifaa chochote.

Vigezo kabla ya kifaa

Swali la kwanza linabeba mengine yote: unamtaka mbu mwenyewe, au unataka habari zake tu? Ukiwa na mbu mkononi unaweza kumpasua, kupima kama ana vimelea vya malaria, kujua damu aliyokunywa ni ya mtu au ya ng'ombe, na kumpeleka maabara akapimwe vinasaba. Hilo la mwisho watu hulidharau. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hata ukiwaweka chini ya hadubini hutawatofautisha kwa macho, ilhali mmoja anapenda zaidi kuuma watu ndani na mwingine hubadilika, huuma ng'ombe na huuma nje. Ukiwa na hesabu au sauti peke yake, hayo yote huna. Unachopata badala yake ni saa: mbu waliingia lini, walipungua lini, mvua iliponyesha ilikuwaje.

Halafu uliza unamfuata mbu gani. Wa malaria wengi wanakuja usiku, wa dengi (Aedes aegypti) anauma mchana. Tatu, umeme na mtandao vikoje pale utakapoweka kifaa, na nani atakipitia kila siku. Nne, mwenye nyumba anaombwa avumilie nini. Mwisho, kifaa kinadanganya kwa njia gani, maana vyote vinadanganya na tofauti ni namna tu.

Mtego wa taa wa CDC

*Kinavyofanya kazi.* Balbu ndogo, feni na kikombe cha wavu, vikiendeshwa na betri ya volti 6. Sudia na Chamberlain wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliuchapisha mwaka 1962, na ukiuona leo bado ni uleule. Kwetu siri yake haiko kwenye taa peke yake. Mtego hutundikwa chumbani, upande wa miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Pumzi na harufu ya mtu humleta mbu, chandarua kinamzuia, anazungukazunguka pale juu akitafuta tundu, na feni inamvuta. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1991 ulikuta kwamba mitego mitatu ya namna hii hukamata karibu sawa na watu wawili wanaokaa usiku wakiwa wamefunua miguu, wakinasa mbu kila anapotua. Ndiyo maana mtego huu uliwaondolea watu wengi kazi ile ya kujifanya chambo.

*Unachopata.* Mbu wenyewe, wakavu au hai, wa kutosha kupeleka maabara. Hupati saa waliyoingia, labda uamke kila saa kubadilisha kikombe.

*Kinapodanganya.* Hapa nina la kusimulia. Masika moja, kwenye mradi niliokuwa nafanya, nyumba tatu zilianza kuleta mbu wachache mno. Ofisini watu walifurahi: dawa imefanya kazi. Mimi nikaomba kulala kijijini. Saa nane usiku nikaingia na tochi kwenye nyumba ya kwanza, nikakuta feni imesimama. Balbu ilikuwa bado inawaka rangi ya chungwa, hafifu, na mbu waliokwishanaswa walikuwa wanapanda ukuta wa kikombe na kutoka mmoja mmoja kwenye mdomo wa mtego. Chaja ilikuwa imeharibika, betri zilikuwa hazijai. Wiki tatu za takwimu tulizitupa. Tangu siku hiyo sisajili hesabu ya nyumba yoyote bila kuandika kama feni ilikuwa inazunguka asubuhi.

Pia kuna sisimizi. Paka grisi kwenye kamba ya kutundikia. Na nje ya nyumba usiuamini sana, kwa sababu uwiano wake na mbu wanaouma watu unabadilika kutoka mahali hadi mahali.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kujua aina ya mbu, maambukizi au usugu wa dawa, na ana vijana wa kupita nyumba kwa nyumba.

Simu inayosikiliza

*Kinavyofanya kazi.* Mbu haimbi, analia kwa mabawa. Jike la Aedes aegypti hupiga mabawa takriban mara 400 hadi 600 kwa sekunde, na dume lake hupanda juu zaidi. Kila aina ina eneo lake la sauti, ingawa maeneo hayo yanapandiana. Mwaka 2017 kundi la Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba hata simu ya kubonyeza ya bei ya chini inarekodi mlio huo vizuri, alimradi iwe karibu na mbu. Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford, ukishirikiana na wenzetu wa Taasisi ya Afya Ifakara na wengine, ulikwenda mbele: programu kwenye simu ya bei nafuu, na chandarua kilichotengenezewa mfuko wa kuwekea simu hiyo, kwa sababu mbu anayemtafuta mtu aliyelala hupenda kuzunguka juu ya chandarua. Mwaka 2021 walitoa hazina ya rekodi yenye saa 20 za milio ya mbu, ikigusa aina 36.

*Unachopata.* Sauti yenye saa na dakika, na simu ikiwa penye mtandao, sehemu iliporekodiwa. Kompyuta huchambua na kusema: hapa kuna mbu, huenda ni wa aina hii. Neno "huenda" usilifute unapoandika ripoti. Mapigo ya mabawa hubadilika kwa joto, kwa ukubwa wa mbu na kwa umri wake, kwa hiyo mbu yuleyule wa saa mbili usiku kwenye joto si lazima alie sawasawa na wa saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi. Na mbu mmoja akipita mara ishirini, simu imesikia mara ishirini. Hiyo si idadi ya mbu, ni kipimo cha purukushani. Mtu akiielewa hivyo, inamsaidia sana. Akiisoma kama idadi, inampoteza.

*Kinapodanganya.* Mvua kwenye bati. Hilo peke yake linaweza kukufutia usiku mzima, na usiku wa mvua ndio uliokuwa unautaka. Kuna jenereta, redio ya jirani, vyura wa majaruba ya mpunga, nyenje. Kuna pia matatizo ya kibinadamu: simu uliyoiacha kwa kazi ya mbu asubuhi unaikuta ina laini ya kijana wa nyumba na nyimbo mbili mpya. Simlaumu, simu ni simu.

La faragha ni zito kuliko yote. Mama mmoja alinisikiliza nikieleza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo simu ikimsikia mbu, mimi na baba watoto haitusikii?" Nikamwambia, "Inawasikia, mama." Tukakubaliana simu iwashwe baada ya watu kulala na izimwe kabla ya adhana ya alfajiri, na sauti zikifika kompyutani vipande visivyo na mbu vifutwe. Kama mradi wako hauwezi kumpa jibu la namna hiyo, usiweke simu chumbani kwa mtu.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kufika vijiji vingi ambako mitego na wataalamu havifiki, anayejali mwenendo wa saa na msimu kuliko aina kamili ya mbu, na mwenye mtu wa kompyuta upande wake. Bila huyo wa mwisho utabaki na kadi zilizojaa kelele.

Kihisi cha mwanga

*Kinavyofanya kazi.* Hiki hakisikii kitu, kinaona. Mbu anapopita katikati ya mwali wa mwanga, mara nyingi infraredi usioonekana, mabawa yake yanaukatakata mwali huo. Kivuli kinachopepesa kinageuzwa kuwa mawimbi yanayofanana kabisa na sauti, ila bila redio ya jirani wala mvua ya bati ndani yake. Eamonn Keogh na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walifanya kazi nyingi ya namna hii na kuichapisha mwaka 2014. Kwenye soko, kampuni ya Biogents ya Regensburg, Ujerumani, hutengeneza BG-Counter, kihesabio kinachokaa juu ya mtego wao wa feni na kutuma hesabu kwa mtandao. Microsoft nao walijaribu mitego yao yenye vyumba vingi Houston mwaka 2016, ambapo kila chumba kilijifunga chenyewe mdudu aliyetakiwa alipoingia.

*Unachopata.* Saa ya kuingia kwa kila mdudu, bila mtu kukesha. Kihisi kikiwa juu ya mtego, unapata na mizoga chini yake, na kwangu huo ndio mpangilio wenye busara zaidi kwa mwenye fedha, kwani hesabu ya kompyuta unaisahihisha kwa sahani ya asubuhi.

*Kinapodanganya.* Vihesabio vya kawaida hutenganisha mbu na nondo kwa ukubwa, havikuambii ni mbu gani. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanawajua wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi. Wana umbo la mbu na ukubwa wa mbu ila hawaumi, na wakiingia kwenye mdomo wa mtego hesabu itapaa kwa usiku mmoja. Buibui akitega utando mbele ya kihisi, umekwisha. Vumbi la kiangazi nalo linahitaji kitambaa kila baada ya siku kadhaa. Umeme ni volti 12, kwa hiyo fikiria sola au nyaya, na fikiria wezi wa sola.

*Kinamfaa nani.* Manispaa, uwanja wa ndege, bandari, chuo, hoteli kubwa. Mahali penye ulinzi, mtandao na bajeti ya matengenezo. Kwa mbu wa dengi anayeruka mchana, mtego wa feni wenye harufu na kihisi juu yake unaushinda mtego wa taa waziwazi.

Spika inayoita madume

*Kinavyofanya kazi.* Dume ndiye mwenye masikio makali zaidi. Kwenye shina la vipapasio vyake kuna kiungo alichokieleza Christopher Johnston wa Baltimore mwaka 1855, na kwa hicho dume husikia mlio wa jike na kumfuata. Hiram Maxim, yuleyule wa bunduki, aliligundua bila kukusudia mwaka 1878 alipokuwa akifunga taa za umeme kwenye hoteli moja ya Saratoga Springs, New York: mashine moja ilikuwa inavuma, na kila jioni ilifunikwa na mbu, wote madume. Alisimulia habari hiyo kwenye gazeti la The Times mwaka 1901. Mwaka 1949 yakachapishwa majaribio ya Cuba ya kuwavuta mbu kwa sauti zilizorekodiwa na kuwaua. Kisha Cairns, Australia, Brian Johnson na Scott Ritchie wakaweka spika ndogo yenye mlio wa karibu hezi 480 (mitetemo 480 kwa sekunde) ndani ya mtego wa Aedes, wakachapisha matokeo mwaka 2016.

*Unachopata.* Madume, na karibu wao tu.

*Kinapodanganya.* Dume haumi. Unaweza kujaza ndoo ya madume na jirani akaumwa vilevile usiku huo, kwa kuwa jike mmoja akishapandwa hutaga mara kadhaa. Mlio ukipanda sana watu wa nyumba watakizima, ukishuka sana mbu wa mbali hasikii. Na ushahidi mwingi ni wa Aedes. Madume wa Anofelesi hukusanyika jioni wakacheza angani juu ya alama fulani, kichuguu, rundo la taka au ukingo wa shamba la mpunga. Kwao mtu mwenye wavu wa mkono, dakika ishirini baada ya jua kuzama, bado anafanya kazi nzuri kuliko spika.

*Kinamfaa nani.* Miradi inayoachia madume wasiozaa ili kupunguza mbu, ambayo inahitaji kujua madume wake wameenea hadi wapi na ni wangapi wakilinganishwa na wa porini. Nje ya hapo ni somo zuri la maabara.

Ukishachagua, usianze nacho peke yake

Hili halihusu kifaa kimoja. Kipya chochote kiweke sambamba na cha zamani kwa wiki mbili au zaidi, na uvizungushe kati ya nyumba. Nyumba hazifanani. Moja ina mbu mara tano ya nyingine kwa sababu ya upenyo kati ya ukuta na paa, au zizi la mbuzi, au watu sita chumba kimoja. Kifaa kikikaa nyumba ileile wiki zote mbili, utakuwa umelinganisha nyumba.

Kwa hali yako

Mwanafunzi mwenye msimu mmoja na fedha kidogo: chukua mitego ya taa minne au sita, betri mbili kwa kila mmoja, chaja unayoiamini na vichupa vyenye punje za silika za kuwakaushia mbu. Maswali mengi ya tasnifu yanahitaji mizoga. Kama swali lako ni saa za kuuma, ongeza simu mbili kwenye nyumba zilezile na uandike wazi kwamba zinapima mizunguko ya mbu, si idadi yao.

Bwana afya wa mjini ambako dengi imekwishapita, kama Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019: mtego wa feni wa mchana wenye kihisi, vituo vichache vyenye ulinzi, shule na zahanati kwa mfano. Hesabu ikipanda ghafla unatuma watu kukagua matairi na mapipa ya mtaa huo kabla wagonjwa hawajaanza kuja. Hapo saa na siku zina thamani kuliko jina la Kilatini.

Mkoa wa mpakani, au kaunti kama Marsabit, ambako Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2022: sikushauri kutegemea sauti wala hesabu peke yake. Mgeni anatambuliwa kwa mwili wake na vinasaba vyake. Tumia mitego, na hasa wakague viluwiluwi kwenye matangi na simtangi za maji, maana huyo hupenda maji ya kuhifadhiwa mjini.

Mradi wa vijiji vingi, watu wachache: simu, baada ya kikao cha kijiji na jibu la kueleweka kwa yule mama. Katika kijiji kimoja kati ya kumi weka mitego ya taa kama shahidi.

Meneja wa hoteli, Nungwi au Diani: kihisi kimoja au viwili vitakuambia kama kazi ya fundi wako wa dawa inaleta tofauti au unamlipa bure. Soma mwenendo wa mwezi, usisome namba ya usiku mmoja.

Na wewe unayetaka tu kulala. Hivi vyote ni vya kufuatilia, havijatengenezwa kupunguza mbu wa chumbani kwako. Mitego iliyowahi kupunguza malaria kwa jaribio kubwa ni ile ya harufu iliyowekwa majumbani kisiwani Rusinga, Kenya, ikiendeshwa kwa sola. Ripoti yake ya mwaka 2016 ilionyesha maambukizi yakiwa chini kwa karibu asilimia 30 kwenye nyumba zilizokuwa nayo. Ilikuwa kisiwa kizima, pamoja na vyandarua. Vile vidubwana vya kuchomeka ukutani vinavyodai kufukuza mbu kwa sauti isiyosikika, pamoja na programu za simu za aina hiyo, ni habari nyingine kabisa: mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 10 ya nje ya maabara, na hakuna hata moja lililoona mbu wakipungua kuuma. Fedha hiyo nunua wavu wa dirisha, uzibe na ule upenyo wa juu ya ukuta.